Laptopu inanuka nikiipa kazi nzito

SWALI: Laptopu yangu ina miaka mitatu. Nikihariri video kwa dakika 20 hivi, matundu ya hewa ya kushoto yanatoa harufu ya kuungua. Nikiacha, harufu inakwisha. Haijawahi kuzimika yenyewe. Niendelee kuitumia?

JIBU: Kwanza hakikisha si betri. Harufu tamu-tamu, kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, ni mvuke wa betri ya lithiamu inayovuja. Mara nyingi padi ya kipanya nayo huwa imeinuka. Hapo zima, chomoa chaja, usiichaji tena wala usiibonyeze, fundi aitoe. Harufu kali ya samaki au mkojo ni ya plastiki inayoungua, mara nyingi kwenye tundu la chaja lililolegea. Hiyo nayo haina mjadala, zima.

Yako, kwa kuwa inakuja na kuondoka na kazi, tunashuku vumbi. Je, inafanana na pasi iliyowashwa baada ya kukaa kabatini? Vumbi halijazani kwenye feni yenyewe, bali nyuma yake, kwenye vibati vyembamba vya kupoozea, likashikamana kama kipande cha blanketi. Feni inavuma, hewa haipiti. Prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, ndiyo maana mashine haizimiki: inajikongoja tu huku ikinuka.

Zima, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine. Zuia mapanga ya feni kwa kidole, maana yakizungushwa kwa nguvu beringi huharibika, kisha puliza hewa ya kopo (hewa iliyoshindiliwa) kwa mikupuo mifupi kutoka kwenye vibati kuelekea feni. Kopo lisimame wima, likiinamishwa hutema gesi ikiwa kimiminika baridi sana. Blanketi likigoma, litoe kwa kibano. Kupuliza kutoka nje bila kufungua, kama wengi wafanyavyo, hulisukuma tu ndani.

Ukiwa humo, pasta ya prosesa (ile inayopitisha joto kutoka prosesa hadi kifaa cha kupoozea) ikiwa imekauka na kupasuka, ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele.

Rudia kazi ileile dakika 20 ukiangalia joto. Likishuka na harufu ikabaki, kuna kipuri kinachoungua kwenye bodi. Usiiwashe tena kabla fundi hajaipima.