Bakteria hawavutwi na sumaku

Msomaji anayeandika makala ya sayansi juu ya viumbe wa matope ya bahari kuu anauliza lipi sahihi: "bakteria hizi zinavutwa na sumaku" au "bakteria hawa wanavutwa na sumaku"?

Andika "bakteria hawa". Neno lilitoka Kigiriki, likiwa na maana ya kijiti, lakini kwetu linataja kiumbe hai, na kiumbe hai hupatanishwa kwa a-wa. Hilo limekwisha.

Kinachoniudhi ni kitenzi ulichokiacha kipite katika sentensi zote mbili: "wanavutwa". Nakikuta kila viumbe hawa wanapotajwa, na kila mara ni kosa. Kuvuta ni kusogeza kitu kije upande wako. Sumaku ya dunia haiwasogezi bakteria hawa hata kidogo. Ndani ya seli mna punje za magnetaiti, madini ya chuma, kwa kawaida za nanomita 35 hadi 120, zimepangwa kama mnyororo. Mnyororo huo humgeuza bakteria alale sambamba na uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku ya dunia, kama sindano ya dira. Humgeuza tu! Mwendo ni wake mwenyewe, anaogelea kwa flajela, mkia wake mwembamba kama uzi. Hata aliyekufa hugeuka, ila haendi popote. Aliyegeuka asisogee, kavutwa wapi?

Tena kitenzi hicho kinapotosha sayansi yenyewe. Aliyesoma "wanavutwa" ataamini bakteria wa nusu ya kaskazini ya dunia wanakimbilia ncha ya kaskazini, kumbe wanashuka. Mistari ya uga huko imeinama kuelekea ardhini, na anayeifuata hufika kwenye tabaka lenye oksijeni kidogo, linalomfaa. Katika nusu ya kusini wengi wao hufuata uelekeo wa kusini, nao hushuka vilevile. Wamepatikana wakiwa hai katika matope ya Atlantiki ya Kusini, kwenye kina cha takriban mita 3,000.

Na "wanaohisi sumaku"? Mtafiti Salvatore Bellini wa Pavia, Italia, alipowaeleza mwaka 1963 aliwapa jina la maana hiyo. Mwanasayansi Richard Blakemore, aliyewatangaza mwaka 1975, akachagua jina linalotaja mwendo, na ndilo lililoshika. "Kuhisi" sikupendi, maana mfu hahisi, lakini kumezoeleka na hakumdanganyi msomaji kuhusu waendako. Nakuvumilia. "Wanavutwa" futa leo, uandike: "Bakteria hawa wanaelekezwa na uga wa sumaku wa dunia."