Koili utaiweza, shughuli iko kwenye pamba

Anayeanza kujisokotea koili ya sigara ya kielektroniki, yaani waya unaopata moto na kugeuza majimaji kuwa mvuke, hununua nyaya za kila namna kabla hajajua kuweka pamba inayonyonya majimaji hayo. Nami nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na nyaya zilizosukwa kama nywele, lakini kila nikivuta naonja kitambaa kilichoungua. Kosa lilikuwa kwenye pamba, na ilinichukua miezi kulikubali. (Kama huvuti sigara, usiingilie huku. Nikotini ikimshika mtu haimwachi kirahisi.)

Anza na waya mmoja wa kawaida. Kanthal ya geji 26, yaani unene wa kama milimita 0.4, inatosha, namba ya geji ikipanda, waya unakuwa mwembamba zaidi. Ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, na una ugumu wa kubaki na umbo ulilolipa. Nikrome hupata moto upesi ila ina nikeli, kwa hiyo kama hereni za bei rahisi hukuwasha ngozi, iache. Titani na nikeli tupu ni za vifaa vinavyodhibiti joto. Wewe bado hazikuhusu.

Zungusha waya mara sita kwenye kijiti cha milimita 3; shina la keekee lenye unene huo linafaa. Utapata kama omu 0.8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukifunga koili mbili za aina hiyo ndani ya atomaiza moja (sehemu inayobeba koili na pamba), omu zinashuka hadi 0.4, na hapa ndipo wengi huteleza. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawa kwa 0.4 upate ampia 10.5. Gawa kwa 0.2 upate 21, na betri nyingi za saizi ya 18650, zinazotumika sana kwenye vifaa hivi, hazikuundwa kutoa umeme mwingi hivyo mfululizo. Namba kubwa iliyochapwa kwenye ganda wakati mwingine ni ya mpigo wa sekunde chache tu. Kwa hiyo usianze na kifaa cha mekanika kisicho na sakiti ya kukulinda.

Siku moja nilikata mguu wa koili (mwisho wa waya unaokazwa kwa skrubu kwenye nguzo ya atomaiza) nikabakiza ncha isiyofika milimita mbili. Kitako cha atomaiza kikiwa wazi, omu zilisomeka sawa. Nikavalisha kifuniko, nikabonyeza, kioo cha kifaa kikaandika shoti. Ile ncha ilikuwa inagusa ukuta wa kifuniko. Kingekuwa cha mekanika, betri ingechemkia mkononi mwangu. Tangu siku hiyo nakata miguu hadi usawa wa nguzo, na napima mara mbili: kabla ya kufunika na baada ya kufunika.

Ukishakaza skrubu, bonyeza kwa wati chache, sekunde mojamoja, bila pamba. Koili iwake kuanzia katikati kwenda nje. Ikianzia mguuni, au duara moja likawa jekundu peke yake, achia kitufe, uikwaruze taratibu kwa kibano cha kauri, kisha uibane. Rudia mpaka iwake sawasawa.

Sasa pamba. Kata kipande, sokota ncha yake kama anayetunga uzi kwenye sindano, uipitishe. Ivute huku na huku polepole, ukiusikiliza mkono. Inatakiwa ikwame kidogo, koili itikisike bila kupinda. Ikiteleza tu bila kushika ni haba, na majimaji ya moto yatakurukia mdomoni. Ikibidi uivute kwa nguvu hadi koili iiname, umejaza kupita kiasi na majimaji hayatapita.

Mimi sikukosea pale katikati. Nilikosea kwenye mikia, yaani pamba inayotokeza pande mbili za koili. Nilikuwa naiacha mirefu na minene, kisha naishindilia kwenye vishimo vya kitako ambamo majimaji hupita, kama ninayeziba ufa. Pamba iliyoshindiliwa hainywi. Siku hizi naikata ifike chini ya kishimo tu, naichambua kwa ncha ya kibano hadi nyuzi zilizolegea zitoke, kisha nailaza bila kuibonyeza. Majimaji yenye gliserini nyingi ni mazito, hivyo mikia huichambua zaidi.

Lowesha, subiri, ongeza tena, hadi usione weupe mkavu popote. Anza na wati za chini. Ukionja ukavu, acha hapohapo. Pamba iliyoungua haitibiki kwa kuongezewa majimaji.

Betri yenye ganda lililochanika usiitumie mpaka uivalishe jipya, na usiichanganye na funguo mfukoni. Chupa za nikotini zikae mbali na watoto.

Ladha ikififia, toa pamba, suuza koili kwa maji, iwashe kidogo ili uchafu uungue, weka pamba mpya. Koili moja huvumilia pamba nyingi. Itupe pale omu zinapopanda na kushuka hata baada ya kukaza skrubu, au ukiona waya umeanza kuliwa.