Kwa unayetaka kuuza programu za mazoezi ya nyumbani

Makocha wachanga wanaonitafuta huanza na maswali ya kamera: simu gani inatosha, taa ikae wapi, fulana ya rangi gani. Hayo utayajua njiani. Cha kuumiza kichwa kwanza ni kwamba mteja wako atafanya mazoezi mahali usipomwona. Jimu unaona goti linaingia ndani anapochuchumaa, unamgusa bega, unampunguzia uzito. Kwake haupo, kwa hiyo maandishi na video zako ndizo zifanye kazi ya macho yako.

Anza na chumba chake. Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala ana kitanda, kabati, mtungi wa gesi, na sehemu ya kutandika mkeka mmoja, hapo watoto wakiwa nje. Ukimwandikia kuruka kichura saa kumi na moja alfajiri, umemgombanisha na jirani. Mimi programu za wanaoanza siweki kuruka kabisa. Kuchuchumaa kwa kushuka polepole, hesabu ya nne, kisha kutulia kidogo chini, kunawasha mapaja vizuri na hakuna atakayegonga ukuta.

Vifaa viko ndani tayari. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 20 ni kilo 20, na hapo una njia ya kupandisha uzito bila mtu kununua kitu. Ila dumu la nusu maji hucheza mkononi, hivyo usimpe mgeni alinyanyue juu ya kichwa. Mpe dogo lililojaa, limefungwa mfuniko. Kiti cha plastiki usikitaje popote kwenye zoezi la kujishusha kwa mikono. Miguu yake hufunguka bila taarifa. Ngazi ya mlangoni inatosha.

Tatizo kubwa la mazoezi ya nyumbani ni mgongo. Pushapu na skwati kila mtu anazijua, lakini kuvuta kunasahaulika, na anayesukuma tu kila wiki anaacha nusu ya mwili nyuma. Mwambie ainame mgongo ukiwa umenyooka, avute dumu mpaka kiunoni. Au apite kwa fundi baiskeli aombe tyubu iliyochakaa, aioshe, aikanyage katikati na kuvuta ncha zake. Mpira ule ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Kuhusu ratiba, wageni wa kazi hii hupenda kujionyesha kwa ukali: siku sita, saa nzima kila siku. Mteja hufika Jumatano, kisha kimya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Sasa piga hesabu: anayetembea kwa haraka dakika 15 kwenda kituo cha daladala na 15 kurudi, siku tano, tayari ana 150. Wewe muongezee siku mbili au tatu za misuli, dakika 25 kila moja.

Na jina la Tabata, yale mazoezi makali ya vipande vifupi, mlitumie kwa adabu. Utafiti wa Izumi Tabata wa 1996, ule wa sekunde 20 kazi na 10 mapumziko, ulifanywa kwa vijana wanaosomea elimu ya viungo, juu ya baiskeli ya maabara, kwa ukali wa kumaliza pumzi. Mama wa miaka hamsini sebuleni si yule kijana. Yeye mpe kipimo rahisi: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, yuko kwenye kiwango cha wastani.

Kabla ya malipo, uliza. Presha, sukari, ujauzito, kifua kubana, kizunguzungu, mgongo, upasuaji wa karibuni. Wakanada wana fomu ya maswali 7, PAR-Q, iliyoenea duniani kwa kazi hii. Hata ukiandika yako, usiiruke. Aliyejibu ndiyo kwenye kifua apitie kwa daktari kwanza, hata kama unahitaji hela ya kodi. Waliojifungua juzi watakujia kwa wingi wakitaka tumbo liondoke upesi. Waambie kliniki ndiyo itakayoruhusu, si wewe.

Majibu hayo ni taarifa za afya za mtu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo picha za kabla na baada hazipandi Instagram bila ruhusa ya maandishi, hata kama kitambi kimeisha kweli.

Mapato ya matangazo usiyategemee mapema. Kwa video za kawaida, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukugawia, na ukipiga Bongo Fleva ya mtu nyuma ya video, mwenye wimbo anaweza kuyachukua. Kinacholipa ni watu wachache wanaolipia programu kwa simu kila mwezi. Wao nao wanahesabu bando: klipu ya sekunde 30 kwa kila zoezi WhatsApp, pamoja na ukurasa mmoja wa ratiba wa kubandika kabatini, ni bora kuliko video ya dakika 40.

Akinyamaza wiki nzima, mpigie. Usimtumie maneno ya kumtia moyo. Muulize ni zoezi gani analichukia, ulitoe, na kesho umtumie ratiba mpya.