Saa za Ziada za Dereva wa Vifurushi

SWALI: Mhariri, nasambaza vifurushi kutoka Kariakoo kwa kirikuu cha kampuni. Hivi karibuni Kigamboni imeongezwa juu ya njia yangu ya Mbagala, narudi saa tatu usiku, lakini malipo hayajabadilika kwa kuwa eti mimi ni mkandarasi. Nina haki gani?

JIBU: Jina la mkataba si hoja kubwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo, kwa mfano, anatumia vitendea kazi vya anayemfanyia kazi. Na gari ni lao. Mwajiriwa hafanyi kazi zaidi ya saa 9 za kawaida kwa siku wala 45 kwa wiki, na saa za ziada, ambazo ni lazima ziwe zimekubaliwa, hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kusubiri kivuko Magogoni ukiwa na mizigo yao nako, kwa maoni yetu, ni kazi, ingawa mameneja wasiopanga foleni hiyo hupenda kubisha. Andika kila siku saa ya kupakia na ya kurejesha gari. Wakikataa kukulipa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.