Trela nyuma ya pikapu: pima kwanza, springi baadaye

Mgeni wa kazi hii akiona pikapu imekaa chini nyuma baada ya kufunga trela, mara nyingi anakimbilia kununua shokapu. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kuruka-ruka baada ya shimo. Uzito unabebwa na springi na matairi.

Anza na mizani. Pakia trela kama itakavyosafiri, isimamishe mahali pa sawa, kisha egemeza mkono wake juu ya mizani ya magunia ya mahindi, kwa kimo kilekile cha ndoano ya gari. Uzito huo uwe asilimia 10 hadi 15 ya trela nzima: trela ya kilo 1,500 itoe kilo 150 hadi 225. Ukipungua, trela itayumba ukishika mwendo kwenye njia ya Lubumbashi hadi Likasi, na hakuna springi itakayoituliza. Sogeza mzigo mbele.

Sasa elewa kinachotokea kwenye gari. Chukua pikapu yenye mita 3 kati ya ekseli zake mbili, na ndoano iliyo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 200 kwenye ndoano zinaongeza kilo 280 kwenye ekseli ya nyuma, na ya mbele inapunguziwa kilo 80. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele hazishiki vizuri, na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Springi ngumu itainua nyuma, lakini zile kilo 80 hazirudi mbele. Zinazozirudisha ni fito za kugawa uzito zinazofungwa kwenye ndoano yenyewe.

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, bila trela na ikiwa imefungwa. Nyuma ikishuka sana, ongeza bamba moja la springi kila upande. Matatu yataifanya gari iruke ikiwa tupu, na tairi linaloruka halishiki barabara. Yu-bolti, zile zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimeshavutika. Zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, na bolti za bushi kwenye ncha za springi uzikaze magurudumu yakiwa chini, la sivyo mpira wa bushi utajipinda na kupasuka mapema. Baada ya safari ya kwanza, kama ya Lubumbashi hadi Kasumbalesa na kurudi, kaza yu-bolti tena. Zikilegea, senta bolti, ile inayopita katikati ya mabamba ya springi, inabaki kuzuia ekseli peke yake. Ikikatika, ekseli inasogea na gari linakwenda upande.

Mifuko ya hewa ya kusaidia springi inafaa kwa anayevuta mara moja moja, mradi isiachwe bila hewa kabisa, maana ngozi yake itabanwa na kutoboka. Kwenye pikapu ya milango minne sisi tunaichukulia kwa tahadhari: inasukuma fremu mahali pamoja, na fremu inaweza kupinda kwenye mashimo.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni vali ya breki za nyuma. Pikapu nyingi zinayo, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Ukiinua nyuma, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma wakati mzigo ni mkubwa. Irekebishe siku hiyohiyo. Halafu soma kibao cha uzito cha gari: springi mpya haibadilishi kikomo cha ekseli, beringi zake wala matairi.