Majina ya ukoo yaliyotoka kwenye upinde na mshale

Mkuu, umeuliza kama ni kweli jina la ukoo Fletcher lina uhusiano na mishale, na kama yapo mengine ya namna hiyo. Ni kweli kabisa. Fletcher alikuwa fundi wa mishale, na neno hilo liliingia Uingereza kutoka Kifaransa, ambako mshale ni flèche. Bowyer ndiye aliyechonga pinde, Stringer akatengeneza kamba zake, na Arrowsmith alikuwa mhunzi wa ncha za chuma za mishale.

Usishangae kazi kugawanywa hivyo. Mwaka 1363 Mfalme Edward III aliagiza wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, kwa hiyo mahitaji yalikuwa makubwa mno. Mwaka 1371 mafundi wa mishale wa London waliomba watenganishwe na wachonga pinde, kila kundi libaki na kazi yake. Vyama vya makundi hayo mawili vipo hadi leo! Na meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama 1545 na kuibuliwa 1982, ilikutwa na pinde zaidi ya 130 na maelfu ya mishale.

Ninalolipenda zaidi mimi ni neno upshot. Leo Waingereza hulitumia kwa maana ya matokeo ya jambo, lakini zamani ulikuwa ndio mshale wa mwisho kurushwa kwenye mashindano. Ukiona pia mtaa wa Uingereza unaitwa The Butts, mara nyingi hapo palikuwa na matuta ya udongo ya kulengea shabaha.