Chupa kuwa uzi, inawezekana

Umeuliza kama kweli chupa ya maji inaweza kuwa fulana, au ni maneno ya matangazo tu. Ni kweli kabisa, kwa sababu chupa hizo na kitambaa cha poliesta ni plastiki ileile, PET.

Chupa huchambuliwa kwa rangi, husagwa na kuoshwa kwa maji moto yenye kostiki soda. Vizibo hujitenga vyenyewe: huelea, PET ikizama.

Kazi yenyewe iko kwenye kukausha. Vipande vikiingia kwenye joto la nyuzijoto 280 hivi vikiwa na unyevu hata kidogo, maji hukata minyororo ya molekuli na uzi unaotoka huwa dhaifu, unakatikakatika mashineni. PVC, plastiki ya aina nyingine, ikijipenyeza humo nayo huharibu, maana hutoa asidi. Ndiyo maana namsifu sana anayechambua taka kwa mikono. Ubora wa uzi huanzia kwake.

Plastiki iliyoyeyuka huchujwa, husukumwa kwenye sahani ya chuma yenye matundu madogo mno, hupozwa kwa upepo, kisha nyuzi huvutwa hadi ziwe ndefu mara kadhaa. Kuvutwa huko ndiko kunakozipa nguvu. Za kuchanganywa na pamba hukatwa, mara nyingi milimita 38.

Ila nguo hiyo bado humwaga chembe za nyuzi za plastiki inapofuliwa, na ikishachanganywa na pamba ni vigumu sana kuirudisha kuwa uzi. Ukiweza kuchagua, chukua poliesta tupu.